Ndege Imetua, Msafiri Bado Yuko Njiani

Kila likizo inapokaribia, na kila simu ya msiba inapolia kutoka mbali, swali moja huzunguka vijiwe vya Mwamanyili, wilayani Busega: ndege ya Dar mpaka Mwanza inatumia muda gani? Kijana mwenye simu janja huandika majina ya miji miwili, akasubiri kidogo, kisha akawasomea wazee kwa sauti. Kilomita 850. Saa moja na dakika ishirini. Wazee hutikisa vichwa kwa mshangao, maana huo ni muda wa kutoka shambani, kuoga na kusubiri ugali uive.

Siku chache baadaye mmoja wa waliosikia dakika hizo huonekana kando ya barabara na begi lake, saa nane mchana, akisubiri gari la Mwanza. Ndege yake ni ya kesho, saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna anayeshangaa kwamba safari ya dakika themanini imeanza saa kumi na sita kabla ya ndege kuondoka.

Hapo ndipo penye kosa. Umbali wa safari ya ndege unapaswa kupimwa kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa nyumba. Kipimo cha kiwanja hadi kiwanja kinamfaa rubani anayejaza mafuta na kampuni inayopanga ratiba. Kaya ya Mwamanyili ikikitumia kupanga safari yake hupoteza fedha, hupoteza usingizi, na wakati mwingine hupoteza ndege yenyewe.

Kilomita 850 zinatoka wapi

Umbali unaoonekana kwenye simu ni mstari ulionyoshwa juu ya uso wa dunia, usiojua kona, mlima wala mto. Basi linalopitia Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro huvuka kilomita 1,100 kabla ya kufika Dar es Salaam. Reli ya Kati, iliyofika Mwanza mwaka 1928, ni ndefu zaidi, kwa sababu lazima ipite Tabora kwanza. Ndege imeshaokoa karibu robo ya njia kabla hata ya kuwasha injini.

Muda nao hutegemea chombo. Ndege ya pangaboi aina ya ATR hukata kama kilomita 500 kwa saa. Airbus A220, ambazo Tanzania ilianza kuzipokea Desemba 2018, hupita kilomita 800. Ndiyo maana abiria mmoja husema alitumia saa moja na dakika ishirini, na mwenzake aliyepanda ndege nyingine akaapa kuwa ilikuwa karibu saa mbili. Wote wawili wanasema kweli. Ndani ya muda huo kuna dakika za kutembea ardhini kwenda kushika njia ya kurukia, dakika za kupanda juu taratibu, na dakika za kushuka kwa foleni pale ndege nyingine inapokuwa imetangulia.

Tofauti kati ya ndege ya kasi na ile ya pole, basi, ni nusu saa au zaidi kidogo. Watu hubishana sana juu ya nusu saa hiyo. Ni nusu saa ile ile inayomezwa na mchomoko, gari dogo la abiria, pale stendi unaposubiri abiria wa mwisho.

Hesabu ya msiba

Binti anafanya kazi Dar es Salaam, amepanga chumba Mbagala. Usiku wa manane anapigiwa simu: baba amefariki Mwamanyili, mazishi ni leo saa kumi jioni. Visa vya namna hii hutokea kila mwezi, na kila ukoo unacho chake.

Basi la alfajiri kutoka kituo cha Magufuli, Mbezi, hata liende vizuri namna gani, litamfikisha Mwanza kaburi likiwa limeshafukiwa. Ruhusa ya mabasi kusafiri usiku, iliyorudishwa mwaka 2023, imewafaa wengi, lakini yeye habari imemkuta wakati mabasi ya jioni yalishaondoka. Iliyobaki ni ndege. Ndugu wanachangishana kwa simu, tiketi inapatikana.

Saa tisa usiku anafunga mlango na kuchukua teksi, kwa kuwa daladala hazijaanza. Saa kumi yuko uwanja wa Julius Nyerere. Saa kumi na mbili ndege inaruka. Saa moja na dakika ishirini inagusa ardhi ya Mwanza, na dakika nyingine thelathini zinapita mpaka begi litoke. Kiwanja cha Mwanza kiko Ilemela, upande wa kaskazini wa jiji, ilhali magari ya barabara ya Musoma huanzia upande wa mashariki, Buzuruga na Nyamhongolo. Inabidi kwanza atafute bajaji ya kumvusha jiji. Kisha gari lijae. Kisha Kisesa, kisha Magu, ndipo mashamba ya Busega yaanze kuonekana. Akibahatika, anashuka saa tano asubuhi.

Ni saa nane kamili tangu afunge mlango wa Mbagala. Angani alikaa sehemu moja tu kati ya sita za muda huo.

Ndege imemwezesha binti kumzika baba yake, na hakuna mwenye haki ya kuidharau. Lakini angalia kilichotokea nyumbani wakati yuko njiani. Mjomba, aliyeambiwa kwamba ndege ni saa moja tu, aliwahakikishia wazee kuwa mtoto atafika saa mbili asubuhi. Saa tatu anaanza kupiga: "Mayu, umefika wapi?" Saa nne sauti imebadilika. Wazee waliotoka vijiji vya mbali wanaulizana kama wasubiri au waendelee na taratibu. Aibu na wasiwasi huo wote umezaliwa na takwimu moja iliyosomwa kwenye simu.

Na fedha je? Teksi ya usiku Dar es Salaam hulipwa kwa bei ya usiku. Bajaji ya kiwanjani Mwanza hulipwa na mtu mwenye haraka, na dereva anamjua mwenye haraka kwa kumtazama tu. Wengine hukodi gari zima hadi Busega wasichelewe. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoandikwa kwenye tiketi. Kaya iliyouza magunia ya mpunga kupata nauli ya ndege hugundua gunia jingine limeishia kwenye magari ya kwenda na kutoka kiwanjani. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa mbio za ndege ni geti la kiwanja.

Saa ya tiketi na saa ya nyumbani

Kuna umbali mwingine ambao hauna kilomita, nao umewaachisha watu ndege nyingi. Kiswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane. Kati ya hesabu hizo mbili kuna pengo la saa sita, na msafiri wa mara ya kwanza hutumbukia humo kirahisi.

Tiketi imeandikwa 06:00. Mama anayesoma tarakimu kama alivyozizoea anaona saa sita, na saa sita kwake ni mchana, jua likiwa utosini. Ndege yake ilikuwa ya saa kumi na mbili asubuhi. Tiketi nyingine imeandikwa 12:00, nayo ni saa sita mchana, lakini jicho linasoma kumi na mbili na mtu anajipanga kufika jioni. Tarakimu kama 18:30 angalau humshtua msomaji akauliza, kwa kuwa hakuna saa kumi na nane katika mazungumzo ya mtu yeyote. Hatari zaidi ni zile zinazofanana na saa za nyumbani, maana haziulizwi.

Kubwa kuliko zote ni 00:30. Ndege nyingi za kwenda nje huondoka usiku mkubwa. Tiketi ikisema Jumatano 00:30, maana yake ni usiku wa kuamkia Jumatano, saa sita na nusu. Abiria anapaswa kuwa kiwanjani Jumanne, saa tatu na nusu usiku. Mtu aliyelelewa kujua kwamba Jumatano ni siku anayoamka nayo atashinda Jumatano akiagana na majirani, atafunga begi jioni, na akifika kaunta ataambiwa ndege iliondoka jana usiku. Nani wa kulaumiwa hapo? Abiria alisoma. Tatizo ni kwamba alisoma kwa saa ya kwao, ambayo ni saa halali ya taifa zima linalozungumza Kiswahili.

Dawa yake haihitaji bajeti ya serikali. Wakala anayemkatia mteja tiketi Lamadi, Bariadi au Mwanza ana kalamu. Chini ya tarakimu za kompyuta aandike kwa mkono: saa kumi na mbili asubuhi, Jumanne, uwe kiwanjani saa kumi alfajiri. Mistari hiyo miwili ina thamani zaidi kwa abiria kuliko karatasi yote iliyobaki.

Muscat, na tiketi mbili zisizojuana

Safari za mbali huzidisha kila kitu. Kutoka Dar es Salaam hadi Muscat ni kama kilomita 3,970, na ndege ya moja kwa moja hutumia saa tano na ushei. Mumbai, ambako Watanzania wengi huenda kwa matibabu na masomo, ni kama kilomita 4,680. Guangzhou, soko la wafanyabiashara wetu, ni kama 8,700. Mabaharia wa zamani walioleta majahazi kutoka Oman kwa upepo wa kaskazi, wakarudi kwa kusi, walihesabu njia hiyo kwa majuma, na wangeiona ndege ya saa tano kuwa ni muujiza.

Muujiza huo huanzia Dar es Salaam. Msichana wa Busega aliyepata kazi Muscat anapaswa kwanza kufika Mwanza, kisha Dar es Salaam, kisha kuhama jengo. Safari za ndani hutumia jengo la pili la uwanja wa Julius Nyerere, na za nje hutumia jengo la tatu, lililofunguliwa Agosti 2019. Foleni za mizigo, pasipoti na ukaguzi huanza upya. Ukijumlisha na saa za kusubiri, kutoka Mwamanyili hadi mlango wa nyumba ya Muscat ni mchana na usiku mzima, na hapo hakuna kilichoharibika.

Kikiharibika, kuna jambo ambalo familia nyingi hulijua baada ya kuumia. Tiketi ya Mwanza hadi Dar ikinunuliwa peke yake, na ya Dar hadi Muscat peke yake, kampuni ya pili haina deni na abiria aliyecheleweshwa na ya kwanza. Mvua ikizuia ndege Mwanza kwa saa tatu, tiketi ya Muscat inaweza kupotea yote. Zikinunuliwa pamoja kama safari moja, pale kampuni zinapokuwa na makubaliano, aliyekosa ndege ya pili hupangiwa nyingine. Wanaonunua kwa vipande ili kuokoa fedha kidogo wanapaswa kuacha nafasi ya saa nyingi katikati, hata ikibidi kulala Dar es Salaam kwa ndugu. Kutangulia si kufika.

Mwanza ilipokuwa mwisho wa njia ya London

Vijana wengi wa kando ya Ghuba ya Speke hawajasimuliwa kwamba ziwa lao liliwahi kuwa kituo cha mwisho cha ndege kutoka Ulaya. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza huduma ya kila wiki kati ya London na Mwanza. Ilikuwa safari ya vipande: ndege za nchi kavu, ndege za majini, na garimoshi katika baadhi ya sehemu, kupitia Misri, Sudan na Kisumu. Barua zilihesabiwa siku, na watu waliziona siku hizo kuwa chache mno ukilinganisha na meli. Mwaka uliofuata njia ikarefushwa hadi Cape Town, na Mwanza haikuwa tena mwisho wa njia.

Kwa mstari ulionyooka, London na Mwanza zimeachana kama kilomita 6,750. Zilikuwa hivyo mwaka 1931, na ni hivyo leo. Kilichobadilika ni mahali pa kuunganishia. Na hapo ndipo ramani ya leo inapomwonea mtu wa Kanda ya Ziwa.

Chukua Nairobi. Kutoka kiwanja cha Mwanza hadi Nairobi ni kama kilomita 460, karibu nusu ya umbali wa Dar es Salaam. Pasipokuwa na ndege ya moja kwa moja, abiria hupelekwa kwanza Dar, kilomita 850, kisha hupandishwa kaskazini kilomita nyingine 665. Jumla 1,515. Entebbe ni kali zaidi: iko kama kilomita 280 ng'ambo ya ziwa, lakini anayepitia Dar es Salaam huruka zaidi ya 1,900, karibu mara saba. Ndiyo sababu mfanyabiashara wa dengu au wa samaki mwenye shughuli Nairobi hupanda basi Lamadi, akavuka Sirari, akalala njiani, wala hafikirii ndege. Amepiga hesabu yake vizuri. Kosa liko kwa wanaopanga safari kana kwamba kila Mtanzania anayekwenda nje anaishi Dar es Salaam.

Ubishi unaotolewa ni kwamba abiria wa Mwanza kwenda miji hiyo ni wachache. Wataachaje kuwa wachache wakati njia yenyewe inawafukuza? Jiji la pili kwa ukubwa nchini, lenye Simiyu, Mara, Geita na Shinyanga mgongoni mwake, linastahili ndege za kudumu kwenda miji iliyo ng'ambo ya ziwa lake lenyewe, na serikali inapaswa kulisukuma jambo hilo katika mazungumzo yake na majirani wa Afrika Mashariki.

Dakika zimelala ardhini

Anayetaka kuona jinsi muda unavyookolewa aende Kigongo. Kwa miaka mingi safari ya Mwanza kwenda Sengerema na Geita ilisimama kwenye maji ya Busisi, ikisubiri kivuko, na kusubiri huko kuliweza kufika saa mbili. Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa. Sasa gari huvuka kwa dakika chache. Hakuna ndege mpya ambayo ingempunguzia mgonjwa wa Sengerema saa mbili za kufika kiwanja cha Mwanza. Daraja limempunguzia.

Reli ya kisasa nayo imetoa somo lake. Dar es Salaam hadi Dodoma kwa ndege ni kama kilomita 390, dakika zisizofika sitini angani. Tangu treni ya umeme ianze kazi mwaka 2024, wasafiri wengi wameichagua ingawa inatumia zaidi ya saa tatu. Inaanzia katikati ya jiji, haidai kuwahi kwa saa mbili, na mtu akijumlisha teksi na foleni anakuta tofauti imekwisha. Watu hao walipima mlango kwa mlango bila kufundishwa na mtu. Kipande cha Isaka hadi Mwanza, ambacho mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2021, kitamletea mtu wa Busega uchaguzi huo huo siku kitakapoungana na vingine.

Kwa upande wa Simiyu, barabara ya lami ya Bariadi hadi Lamadi, kilomita 71.8, ilishapunguza mateso ya zamani. Kuvuka mto Simiyu kwa daraja pana, kwenye njia kuu ya Mwanza hadi Musoma, ni jambo la maana kwa msafiri wa ndege kuliko wengi wanavyodhani. Mkoa umekuwa ukitajwa pia miongoni mwa mikoa inayotakiwa kuwa na kiwanja chake. Ni ndoto halali kwa watu wa Bariadi, Itilima na Meatu. Lakini kiwanja chenye ndege mbili kwa wiki hakitamwokoa binti wa Mbagala, kwa sababu msiba hauchagui Jumanne au Ijumaa. Kwa Mwamanyili, iliyo kilomita mia hivi kutoka Mwanza, faida ya haraka iko kwingine: gari la uhakika linaloondoka Lamadi usiku ili kuwahi ndege ya alfajiri, na jingine linalosubiri pale pale kiwanjani Ilemela na kurudi moja kwa moja kwa barabara ya Magu. Halmashauri za Busega na Magu, wenye mabasi na kampuni za ndege wanaweza kukaa meza moja na kulipanga. Abiria wapo, kila siku wanakodi magari mmoja mmoja, wasijuane.

Mpaka gari hilo lipatikane, wazazi wanaomsafirisha mtoto kwa mara ya kwanza wamwombe wakala awaandikie saa kwa Kiswahili, wamwulize kama tiketi zote ni za safari moja, na waweke fedha ya magari kando kabla ya kulipa nauli ya ndege. Ndege ya saa kumi na mbili asubuhi kutoka Mwanza, kwa mtu wa Mwamanyili, bado ni safari ya kuondoka jana yake mchana.